Okidi ya chui: chungu, gogo au kikapu?

Barazani
Habari zenu wadau. Nimegawiwa kipande cha okidi ya chui: mabua manne, na chini kuna chipukizi changa. Kibandiko kimeandikwa Ansellia nilotica. Baraza langu linapata jua la asubuhi mpaka saa nne hivi, halafu kivuli chepesi, na mvua haifiki. Naona wengine wanaipanda chunguni, wengine wanaifunga kwenye gogo, wengine wanaining'iniza kwenye kikapu cha mbao. Nataka ikae miaka na itoe maua. Nichague ipi?

Mama Tausi
Chungu, tena cha udongo wa kuchomwa. Mabua yake yanaweza kufika mita moja, na chungu cha plastiki kitakuangukia maua yakishachanua. Ndani weka vipande vya magome vyenye unene wa kidole gumba, uchanganye na mkaa. Pepeta kwanza, vumbi lote litoke, maana vumbi likishuka chini linaziba na mizizi inaoza. Udongo wa bustani usiingie hata kijiko. Na usichukue chungu kikubwa ukidhani unaifanyia hisani. Nafasi ya machipukizi ya misimu miwili inatosha.

Juu_ya_Mbuyu
Mama Tausi, kwa heshima zote, mmea huu kwao ni juu ya miti. Utaukuta kwenye panda za mibuyu na mikoche, umeshika gome tu, na mti wenyewe haunyonywi hata tone. Angalia mizizi yake: mingine inashuka kushika gome, mingine ni myembamba kama sindano na inaota kuelekea juu. Hiyo ya juu inanasa majani makavu na takataka zinazodondoka, zikioza taratibu ndiyo mbolea yake. Chunguni hayo yote unayabana bure.

Mkuu, tafuta gogo la mti mgumu ambalo gome lake halibanduki. Lifunge kwa vipande vya soksi ya nailoni, upande wenye chipukizi ukielekea penye nafasi ya kutambaa. Kuvumwani kidogo chini ya mizizi, basi. Ikiwa inakua, nyunyizia maji kila asubuhi.

Kuhusu kibandiko usihangaike. Lindley, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, aliielezea Ansellia africana mwaka 1844, na siku hizi wataalamu wengi wanahesabu nilotica humo humo. Matunzo ni yale yale.

Barazani
Kila asubuhi? Kazi yangu ni ya safari, naweza kukosekana siku tatu nne.

Juu_ya_Mbuyu
Basi gogo halikufai, mkuu. Mizizi iliyo wazi kwenye joto inakauka mchana mmoja. Nakurudisha kwa Mama Tausi.

Kamba na Ndoano
Msinisahau mimi wa vikapu! Maji yanapita, hewa inaingia pande zote, mizizi inatokeza kwenye mianya inavyopenda. Kinakauka haraka kuliko chungu, polepole kuliko gogo. Kikijaa hung'oi mmea, unakitumbukiza kizima kizima ndani ya kikapu kikubwa zaidi. Ila niseme ukweli, mbao zinaoza, na shada la okidi hii likizeeka ni zito balaa. Ndoano iwe ya chuma, ifungwe kwenye boriti, sio kwenye dari.

Mzizi Mweupe
Mnagombana kuhusu chombo wakati maua yanaletwa na mwanga. Barazani, tazama majani. Yakiwa kijani kibichi kinachoelekea unjano, mwanga unatosha. Yakiwa kijani kizito na mabua yanalegea, sogeza mmea penye jua zaidi, kidogo kidogo ili yasiungue.

Jambo la pili ni mapumziko. Bua jipya likishakomaa, punguza maji sana. Likisinyaa kidogo tu, hapo pametosha. Anayemwagilia mwaka mzima kwa kipimo kile kile anafuga majani. Na mabua ya zamani yaliyopukutisha majani msiyakate! Ndiyo ghala la maji na chakula, na mengine hutoa maua tena.

Halafu swali: kipande kimetoka wapi? Porini inazidi kupungua kwa sababu ya kung'olewa, na biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na CITES, yaani mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama wa porini, Kiambatisho cha II, orodha ya wale ambao biashara yao inadhibitiwa kwa vibali.

Barazani
Kimegawanywa kutoka mmea wa jirani, wa kwake tangu zamani. Nimeamua chungu. Sasa ile mizizi ya sindano ikianza kutokeza juu, niifukie?

Mama Tausi
Usiifukie, mwanangu, wala usiikate. Iache isimame. Inapokua, inyunyizie mbolea ya maji uliyoizimua mpaka robo ya kipimo cha kwenye pakiti. Ukimwagilia, epuka katikati ya chipukizi. Maji yakilala pale usiku, asubuhi unakuta limekuwa jeusi.

Barazani
Nipande leo?

Mama Tausi
Inama uangalie shina la chipukizi. Ukiona ncha za mizizi mipya zimeanza kuchomoza, panda. Kama bado, subiri zitokee, na kipande kikae kivulini bila kulowekwa. Ukishapanda, funga mabua kwenye kijiti yasitikisike, kwa sababu mizizi mipya ikisuguliwa inavunjika ncha.

Kamba na Ndoano
Kijiti kifungwe kwenye chungu chenyewe, sio kuchomekwa tu kwenye magome. Hayashiki.