486 ya mzee iongee na laptop: kadi ya mtandao, waya wa siriali au kadi ya CF?

mtoto_wa_chinangali (mleta mada)
Wakuu kwema? Nina kompyuta ya zamani, 486 DX2 ya 66 (prosesa ya miaka ya tisini, megahezi 66), inawaka vizuri tu. Nataka iongee na laptop yangu ya sasa. Nimeshauriwa njia tatu: nitafute kadi ya mtandao ya ISA (ile ya kuchomeka kwenye sloti za zamani za ndani), nivute waya wa siriali (ule wa bandari za COM), au nitoe hadidiski niweke kadi ya CF (kadi ya kumbukumbu kama za kamera) kwa adapta. Jumamosi kuna mtu anapanda treni Dar kuja huku Dodoma, naweza kumwagiza Kariakoo. Bajeti elfu sitini. Nichukue ipi?

Disketi Nyeusi
Mkuu ongeza nyama. DOS au Windows? RAM kiasi gani? Sloti ni ISA tupu au kuna na VLB, zile ndefu zenye kasi zaidi? Na unahamisha nini hasa, barua au magemu? Weka picha ya mazabodi.

Kibaigwa One
Nimekaa paleee, nasubiri wajuzi.

fundi_nkuhungu
Usihangaike, kadi ya ISA. Mwagize 3Com EtherLink III, ile 3C509. Haitaki jampa (vile vizibo vidogo vya kuhamisha kwa mkono), IRQ (namba ambayo kifaa kinaitia prosesa) na anwani unazipanga kwa programu yake ya DOS. Nakala za NE2000, kadi nyingine ya zamani, nyingi zinakuja zimewekwa IRQ 3, na hapo ndipo COM2, bandari ya pili ya siriali, inapokaa. Utahangaika wiki nzima kumbe wawili wanagombania kiti kimoja.

Ukiipata weka mTCP ya Michael Brutman, programu za mtandao za DOS. Ina DHCP ya kujipatia anwani, ina FTP ya kuhamisha faili, na inatembea hata kwenye 8088, prosesa ya PC za mwanzo, sembuse 486. Waya wa RJ45 wa kawaida, chomeka kwenye ruta, megabiti 10 kwa sekunde hizo. Ila aangalie kadi kabla ya kulipa. Yenye tundu la duara la BNC peke yake aiache, inataka kebo ya koaksi na vizibo vya omu 50 kila ncha. Vizibo hivyo sijaviona hapa mjini.

Dada wa Area C
Fundi wewe kila uzi ni 3Com, wanakulipa? Waya wa siriali ni bei ya soda. Adapta ya USB upande wa laptop, programu ya Kermit ya kuhamisha faili pande zote mbili, kazi imeisha.

fundi_nkuhungu
Imeisha lini dada? Siriali ikikazana sana ni biti 115,200 kwa sekunde, na hapo chipu ya siriali iwe 16550A, vinginevyo herufi zinadondoka njiani. MB 100 ni saa mbili na nusu. Upike maharage, yaive, ule, ulale.

Dada wa Area C
Nani kasema ana MB 100? Mleta mada mwenyewe kaingia mitini.

mpwapwa_boy
Kabla hujafungua hiyo kesi naomba unisikilize. Mwaka juzi nilikuwa na 486 kama yako, nikaitoa mazabodi niipulize vumbi. Vumbi la huku mwezi wa nane mnalijua, unafuta meza asubuhi, saa nne unaandika jina lako juu yake. Nikapuliza, nikapitisha brashi ya rangi, safi. Wakati wa kurudisha umeme ukakatika. Mwenye akili angelala. Mimi nikang'ata simu mdomoni kwa tochi nikaendelea.

Sasa pawasaplai ya AT ina plagi mbili, P8 na P9, zinakaa ubavu kwa ubavu kwenye soketi moja, na ukilazimisha kidogo zinaingia hata ukizigeuza nafasi. Kanuni ni nyaya nyeusi zikutane katikati. Zangu zilikaa nje, huku na huku. Umeme ukarudi, nikabonyeza. Hata mlio haukuwepo, ni "tik", halafu harufu ya ndoo ya plastiki iliyoegemea jiko la mkaa. Wife akauliza kutoka chumbani nimeunguza nini.

Nikampelekea fundi mmoja mjini, akasema iache niiangalie. Narudi baada ya mwezi, prosesa haipo. Ati iliungua. Sawa, iliungua, ikaondoka na miguu?

Kibaigwa One
Hahaha pole mkuu. Hiyo ilienda kwa watu wa dhahabu. Zile za kauri zina pini za dhahabu, wanazinunua kwa kilo.

Disketi Nyeusi
Dhahabu yenyewe ni utando tu, ukitoa gharama ya asidi na mapafu yako unabaki na nini? Waache mashine za watu.

Kibaigwa One
Unabaki na hela. Wewe unabaki na nini, disketi?

mtoto_wa_chinangali
Samahani nilikuwa kazini. Ni DOS 6.22 na Windows 3.1, RAM MB 8, sloti za ISA tatu na VLB mbili. Ukweli ni kwamba nataka faili za marehemu mzee. Alikuwa mhasibu, na kulikuwa na hesabu za shamba letu la zabibu Hombolo, ziko Lotus 1-2-3, na barua chache za WordPerfect. Hadidiski ni ya MB 340. Nilisahau kusema, tangu juzi inalia krii krii.

Disketi Nyeusi
Inalia??? Zima sasa hivi, isije ikafa! Hilo ndilo lilitakiwa liwe sentensi ya kwanza.

Dada wa Area C
Pole kwa mzee. Faili za Lotus ni KB chache, zinaingia kwenye disketi ya 1.44 na nafasi inabaki. Tafuta draivu ya disketi ya USB kwa ajili ya laptop. LibreOffice inafungua Lotus na WordPerfect zote.

mpwapwa_boy
Si achomoe tu hadidiski aiweke kwenye adapta ya IDE kwenda USB?

Disketi Nyeusi
Adapta nyingi zinataka LBA (kuhesabu sekta za diski kwa namba moja mfululizo), na baadhi ya diski za umri huo zinajua utaratibu wa zamani wa silinda na vichwa tu. Nimewahi kuchomeka moja, laptop ikaniangalia tu.

fundi_nkuhungu
Mimi bado niko pale pale. 3C509 ina soketi ya ROM ya kuwashia. Ukichoma XTIDE, programu ya kusoma diski kubwa, ndani yake, ile mipaka ya MB 504 ya BIOS (programu ya kuwashia mashine) unaisahau, unaweka CF ya GB 4, mtandao na diski kwa kadi moja!

Dada wa Area C
Mtu anatafuta hesabu za zabibu, wewe unamjengea stesheni.

mtoto_wa_chinangali
Nimezima, nimefungua. Hapo karibu na soketi ya kibodi kuna betri kama kipipa cha buluu, imetoa ukungu wa kijani. Nimeikata na koleo.

Disketi Nyeusi
Betri hiyo ndiyo inatunza mipangilio ya BIOS. Uliandika kwanza namba za silinda, vichwa na sekta za hadidiski zilizokuwa humo?

mtoto_wa_chinangali
Hapana.

Disketi Nyeusi
Geuza hadidiski, soma lebo, namba huwa hapo. Kama haijachanika.

mtoto_wa_chinangali
Lebo ipo, ila mzee aliandika juu yake kwa kalamu ya wino, naona kama ni namba ya simu ya zamani. Ngoja nitafute mwanga mzuri. Na yule wa treni nimwambie anunue nini sasa?

Kibaigwa One
Hiyo mashine unauza?