Saini za kura ya maoni ya kaunti: nani ahakiki?

Mwambao: Kifungu cha 90 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya Kenya (2012) kinataka ombi la kupinga mpango au uwekezaji litiwe saini na robo ya wapiga kura walioandikishwa pale kura itakapopigwa. Wadi ya wapiga kura 6,000 ni saini 1,500. Tuseme watu wa wadi ya Hindi, bara ya Lamu, wameleta maboksi ya fomu. Ahakiki karani wa bunge la kaunti au IEBC, tume ya uchaguzi? Mimi nasema IEBC, rejista ni yao.

Wa Langoni: Karani anatosha akipewa nakala ya rejista. Tafuta kwa nambari ya kitambulisho, si jina. Mohamed, Muhammad na Mohammed watakutoa jasho bure. Tarakimu moja ikikosewa, mtu hapatikani. Aliyejiandikisha Mombasa hahesabiwi hata kama amelala Hindi miaka kumi. Kwa hiyo kusanya 2,000 upate 1,500. Kulinganisha saini msahau, visiwani nusu watatia dole.

Mpate: "Visiwani"? Langoni ya kisiwa cha Lamu imehamia bara lini? Wewe mwenyewe umezungukwa na maji, shekhe. Sisi wa Pate, Faza na Kizingitini, kalamu tunaijua.

Wa Langoni: Sikutukana mtu. Dole ni halali.

Mpate: Ungesema hivyo mwanzo.

Bi Mkomani: Hata kalamu haisaidii. IEBC ina picha na alama za vidole, haina vielelezo vya saini. Ndiyo maana BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba, ilileta saini zaidi ya milioni 4, zikathibitishwa milioni 1.14, na orodha ikawekwa mtandaoni ili aliyeingizwa bila ridhaa alalamike.

Mwambao: Na Okoa Kenya, kampeni nyingine ya kubadilisha katiba, ikaanguka 2016, saini laki tisa hivi.

Bi Mkomani: 891,598. Walihitaji milioni moja.

Wa Langoni: Basi dole ndilo bora, lina kielelezo!

Bi Mkomani: Kwenye karatasi? Wino ukizidi mistari inafungana, ukipungua kinabaki kivuli. Fomu ikikunjwa mbichi, dole la juu linaganda kwenye jina la chini. Na nani atalinganisha madole 1,500 kwa macho?

Mpate: Huyo wa Langoni. Ana wakati.

Mwambao: Jamani, karani au IEBC?

Mpate: Kwanza aombe radhi Kizingitini.