Mtoto wa darasa la pili kuvuka barabara ya Nyerere asubuhi, nyie mnafanyaje?

Mama Dagaa
Mwangaluka wadau. Mwanangu yuko la pili, tunakaa Mabatini hapa Mwanza, shule iko ng'ambo ya barabara ya Nyerere, kwa mguu dakika 20 hivi. Nilimtafutia boda wa kulipa kwa mwezi nikajua nimemaliza, kumbe jamaa anapiga mshikaki, watoto wanne, mmoja kakalia tanki. Juzi namuogesha naona shavu la mguu limebabuka, ekzosi hiyo, alikuwa anavuta soksi juu nisione maana kaambiwa akisema ataachwa. Nimemtoa. Sasa nataka atembee ila saa 12 na nusu daladala za Igoma na Kisesa zinakimbizana utadhani zina nyuki ndani, na mimi saa hizo niko soko la Mwaloni nafuata dagaa. Nisaidieni.

Jiwe Kuu
Pole mama. Sisi huku Igogo mlimani tulikaa wazazi saba tukapanga zamu, watoto wanakusanyika kwa mama vitumbua saa 12 na robo, mzazi mmoja mbele mmoja nyuma, njia ni ileile kila siku, aliyechelewa anatudakia njiani. Kila mzazi zamu moja au mbili kwa wiki basi. Uingereza wanayo pia hii, ni kama basi ila linatembea kwa miguu. Mwanzoni walikuwa wanalia miguu inauma, saivi wangu ukimpa lifti anagoma anasema atapitwa na stori. Na WHO, shirika la afya duniani, wanataka mtoto apate dakika 60 za kuchangamsha mwili kwa siku, wako kwenda na kurudi kashapata 40.

Konda Mstaafu
Nimepiga debe njia hiyo miaka tisa nisikudanganye, dereva akiona katoto kamoja pembeni anapiga honi anapita, akiona kundi lina mtu mzima anakanyaga breki. Ila msivuke mbele ya daladala iliyosimama kituoni!! Hapo ndo wanapogongwa, gari la nyuma linaovateki halimuoni mtoto mpaka katokeza. Subirini iondoke kwanza.

Wa Buzuruga
Zamu sawa ila ombeni na matuta na zebra, kupitia kamati ya shule na mwenyekiti wa mtaa. Barabara kubwa barua inaenda TANROADS, za mtaani TARURA, kila wakala na barabara zake, msichanganye. Dar kuna shirika linaitwa Amend lilifanya vitu vya kawaida tu kwenye shule, njia ya waenda kwa miguu, matuta, pengine geti linahamishwa lisifungukie barabarani, mwaka 2019 wakapata tuzo ya kimataifa.

Ng'wana Sengerema
Sisi tulitembea kilomita saba pekupeku hatukushikwa mkono na mtu. Mnalea mayai.

Jiwe Kuu
@Ng'wana Sengerema mkuu wewe ulikuwa unapishana na ng'ombe, hapa kuna fuso.

Mama Dagaa
😂😂 Asanteni jamani. Nimeongea na mama wawili wa jirani tunaanza Jumatatu, mimi nimeomba zamu za kuwarudisha mchana. Ila mvua ikipiga ule mtaro wa chini unajaa, mnapitaje?

Jiwe Kuu
Hatupiti. Mvua kubwa tunasubiri ikatike, mzazi wa zamu anampigia mwalimu kwamba wanakuja wamechelewa wote. Ongea naye mapema wasije wakachapwa.