Mrejesho: kuwafunga kizazi mbwa wa kijijini kwetu, Idodi

Ndugu zangu, niliwahi kuuliza namna ya kuwashawishi majirani zangu huku Idodi, mkoani Iringa, wakubali mbwa wao wafungwe kizazi, kwa kuwa tunaishi jirani na Hifadhi ya Ruaha na mbwa wanaozurura wanaweza kuwaambukiza mbwa mwitu kichaa cha mbwa au distempa, ugonjwa wa virusi ambao mwaka 1994 uliua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Nawashukuru sana mlionijibu. Tulifuata ushauri wa kuunganisha kazi hii na chanjo ya kichaa cha mbwa, na kuanza na majike, kwani kila mwenye jike amewahi kuhangaika na watoto asioweza kuwalisha, ambao mara nyingi huishia kutupwa porini. Hoja hiyo iliwagusa wazee kuliko yote niliyosema kuhusu wanyamapori. Daktari wa mifugo amewafanyia upasuaji majike 11 kati ya 14.

Kwa madume tumeshindwa: wamehasiwa wawili tu, kwa sababu wafugaji wanaamini mbwa aliyehasiwa hawezi tena kulinda mbuzi dhidi ya fisi. Jike mmoja alifumuka nyuzi baada ya kufunguliwa siku ya tatu, ila alishonwa upya na amepona. Atakayejaribu kwake asimlishe mbwa usiku wa kuamkia upasuaji, na amfungie siku 10 baadaye.

Majike watatu waliobaki tutawashughulikia baada ya mavuno ya mpunga.