Naomba ushauri: nitajuaje njia ya kujisomea inayonifaa chuoni?

Ndugu wanachama, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya uuguzi. Sekondari nilifaulu kwa kumsikiliza mwalimu kwa makini na kupitia daftari usiku, lakini hapa chuoni, ambako mhadhara mmoja wa anatomia hubeba kurasa nyingi na mhadhiri harudii, nimepata alama 17 kati ya 40 katika majaribio ya muhula, na jambo hili linaninyima usingizi.

Nilijaza dodoso la VARK, yaani maswali ya kubaini mtu hupendelea kujifunza kwa njia gani (kuona, kusikia, kusoma na kuandika, au kutenda), lililobuniwa na Neil Fleming wa New Zealand, likanionyesha kuwa mimi hujifunza kwa kusikia. Kwa wiki sita nimerekodi mihadhara na kuisikiliza kwenye daladala, ila nikiulizwa mishipa ya moyo nakwama. Yale niliyoyachora mwenyewe bila kutazama kitabu, au kumweleza mwenzangu wa chumbani, ndiyo niliyoyakumbuka kwenye mtihani. Baadaye nikasoma kwamba mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake, walipopitia tafiti mwaka 2008, hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo anaoupendelea huongeza ufaulu.

Je, niache kurekodi kabisa, muda huo niutumie kuchora na kujiuliza maswali? Na ninyi mliosomea fani za afya, mlipangaje marudio ya anatomia kwa wiki wakati mazoezi ya wodini yameshaanza?

Natanguliza shukrani.