Wazee wa sacco wamekuwa wa mwaka 2052 baada ya kuhamia MySQL

Nyalenda_Data: Wadau, naomba msaada. Nahamisha rejista ya wanachama wa sacco moja hapa Kisumu kutoka CSV (faili la maandishi, thamani zimetenganishwa kwa koma) kwenda MySQL (programu ya hifadhidata). Tarehe za kuzaliwa zimeandikwa 14/03/52. Nikiweka STR_TO_DATE, ile amri ya kugeuza maandishi kuwa tarehe, na '%d/%m/%y' napata 2052-03-14. Wa 71 wako sawa. Kuna na akaunti za watoto. Nirekebisheje?

Menengai_SQL: MySQL inafuata kanuni yake tu: 00–69 ni 2000–2069, 70–99 ni 1970–1999. Pakia tarehe kama maandishi kwanza, kolamu dob_asili VARCHAR(8), na usiifute hata ukimaliza. Halafu kolamu dob (tarehe ya kuzaliwa) ya aina ya DATE, na anayetokea mbele ya leo, yaani CURDATE(), mtoe miaka 100:

UPDATE wanachama SET dob = STR_TO_DATE(dob_asili, '%d/%m/%y');
UPDATE wanachama SET dob = dob - INTERVAL 100 YEAR WHERE dob > CURDATE();

Kondele_Mkuu: Hapo bado, mkuu. Rejista za sacco hubeba hata marehemu ambao warithi hawajalipwa hisa. Aliyezaliwa 1919 atabaki 2019, na hakuna kosa litakalotokea kwenye skrini. Kwa watu wazima tumia WHERE hii badala ya ile (aina ni kolamu ya kutenganisha mzima na mtoto):

WHERE aina = 'mzima' AND dob > CURDATE() - INTERVAL 18 YEAR

Watoto waache kwenye CURDATE(). Jihadhari na 29/02/00: 2000 ulikuwa mwaka mrefu, 1900 haukuwa, kwa hiyo ukitoa miaka 100 MySQL itakuandikia 1900-02-28 kimyakimya. Na tafadhali usiguse kolamu ya tarehe ya mwisho ya mkopo kwa kanuni hii, huko siku zijazo ndizo sahihi.

Nyalenda_Data: Asanteni. Na nikipitisha faili kwenye Excel kwanza?

Menengai_SQL: Usithubutu. Excel hufuata mpaka wa miaka ya tarakimu mbili uliowekwa kwenye Windows. Kuna mashine zinazokata 2029, yaani 00–29 ni 2000–2029 na zinazobaki ni za 1900. Utaona 52 imetoka 1952 ufurahi, kumbe 28 imekuwa 2028, na kompyuta ya mwenzako ikupe jibu lingine. Hifadhidata nyingine pia: Oracle kwa RR (muundo wake wa mwaka wa tarakimu mbili), na SQL Server isipobadilishwa, hukata kati ya 49 na 50. Kila mlango na bawabu wake.

Baada ya hapo endesha SELECT YEAR(dob), COUNT(*) FROM wanachama GROUP BY YEAR(dob). Wote waliozidi miaka 90, na watu wazima wenye 00 hadi 08, walinganishe na nakala za vitambulisho kwenye faili zao. Hao hakuna msimbo utakaokuamulia.