Meno ya mashine ya visiki: nimeuziwa chuma kilichopakwa rangi, muuzaji anasema "jino ni jino"

Wakuu, heshima zenu. Naandika nikiwa na hasira, nikipitiliza mnivumilie.

Kazi yangu ni kukata miti na kusaga visiki hapa Arusha. Mashine ni ndogo, ya petroli, hosipawa 15, gurudumu linaloshika meno ni la inchi 12. Meno yaliyokuja nayo yalinifanyia kazi miezi saba ndipo yakaanza kuchoka. Nikaagiza seti mpya Kariakoo, na gurudumu jipya juu yake kwa kuwa matundu ya lile la zamani yalishapanuka. Laki nne na ushee ikanitoka, nauli ya mzigo kwenye basi nikalipa mwenyewe.

Jumatano nikaingia Njiro kwa mama mmoja. Kisiki cha mkaratusi, kipana kama sinia la shughuli. Dakika 10 za mwanzo mashine inatema maranda safi kabisa, nikajisemea leo saa sita nishamaliza. Dakika ya 20 maranda yakageuka unga. Dakika ya 40 ni moshi, mkanda unanuka, gurudumu linasugua tu. Aliyefanya kazi hii anajua, ukiona unga badala ya maranda ujue jino halikati tena. Nikalazimisha kidogo, hilo kosa langu nalikubali. Ikalia paa! Jino moja likapita chini ya pazia la mpira na kutoboa geti la bati la jirani. Kijana wangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. HATUA MBILI!

Jioni nikafungua yote. Kwanza nikachukua tupa ya kunolea cheni ya msumeno. Ncha ya jino inatakiwa iwe kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, na kabaidi ya kweli tupa inateleza juu yake kama kwenye kioo. Hili jino tupa imeng'ata, imeacha mchirizi unang'aa. Nikaliweka kwenye grainda yenye jiwe la kijivu la kawaida, likaliwa kama muhogo, wakati kabaidi inataka jiwe la kijani au la almasi, vinginevyo jiwe ndilo linaloisha.

Bado sikutosheka. Nilikuwa na ncha moja ya zamani iliyobanduka, nimeihifadhi kwenye kopo. Nikabandua na ncha ya jino jipya, ukubwa ule ule, nikaenda nazo kwa sonara. Akanicheka, lakini akapima. Ya zamani gramu 11 na nukta, mpya gramu 6 haifiki. Kabaidi ya tangsten ina uzito karibu mara mbili ya chuma. Mzani wa dhahabu umemaliza ubishi.

Kilichoniuma zaidi ni gurudumu. Matundu yake ni ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, bolti walizonipa ni za milimita 12. Muuzaji aliniambia "zinaingiana." Zinaingia ndiyo, hata kijiko kinaingia kwenye ndoo! Huo upenyo wa nukta saba, gurudumu likizunguka kwa kasi ile, unatosha bolti kucheza, nati kulegea, jino kuondoka. Na kichwani bolti hazina namba yoyote. Za zamani zimeandikwa 10.9, namba ya uimara wa bolti. Hizi zipo uchi, mtu kazitoa huko kwenye madumu ya bolti za vitanda.

Nikampigia.

"Kaka, jino ni jino. Wateja wangu wa Bagamoyo hawajawahi kulalamika."

Bagamoyo ni mchanga, mzee! Mchanga unakwangua polepole, huko unataka kabaidi ngumu isiyoliwa upesi. Huku chini ya Meru kila mzizi umekumbatia jiwe, kabaidi ngumu sana ikigonga jiwe inapasuka, unataka iliyo na uvumilivu wa kugongwa hata kama itaisha mapema. Ndiyo maana muuzaji anayejua kazi anauliza kwanza uko wapi na unasaga nini. Huyu aliuliza nitalipa kwa simu au taslimu.

Nilipotaja kurudisha mzigo akasema ukishatumika haurudi. Sasa nitajuaje ni feki bila kuutumia? Nisage kisiki dukani kwake?

Na wale mtakaokuja na "chomelea tu kabaidi za zamani kwa welding," nawaomba msinijaze. Ncha ile inashikwa kwa kuyeyushiwa madini ya fedha kwa moto wa gesi, taratibu. Ukiipiga umeme inapata nyufa usizoziona, kisha inaruka usoni kwa mtu. Nilishajaribu mwaka juzi, nina kovu kwenye kidole.

Kuna meno ya duara, yale ambayo upande mmoja ukiwa butu unalegeza nati ukayazungusha, jino moja unalitumia mara tatu. Nimeyatamani siku nyingi ila sharti gurudumu na vishikio vyake viendane nayo. Kama kuna mtu ameyafunga kwenye mashine ndogo kama yangu aweke picha hapa, na aseme tundu lake ni milimita ngapi. Asiniambie "yanaingiana."

Mama wa Njiro amepiga mara tatu leo. Nusu ya kisiki bado ipo, geti la jirani nimelipia elfu 60, na simu ya Kariakoo sasa hivi inaita tu haipokelewi.